Kompyuta ya mezani inageuza chumba kuwa tanuri, nianze kurekebisha wapi?

Chumba_cha_Magharibi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba msaada wa hesabu, maana maneno ya madukani yamenichanganya. Niko Dar, nyumba ya bati yenye dari la jipsamu. Chumba ni mita 3 kwa 3.5, kimo mita 2.7. Dirisha ni moja, la aluminiamu la kuteleza, mita 1.2 kwa 1.2, linatazama magharibi, lina grili kwa nje na wavu wa mbu. Mlango unatokea koridoni na usiku unafungwa kwa sababu ya kelele. Feni ya dari ipo, kiyoyozi hakuna.

Mashine: prosesa Ryzen 7 5800X, kadi ya michoro RTX 3080, pawa saplai ya wati 750 isiyo na beji yoyote ya ufanisi, skrini ya inchi 27 ya hezi 144. Kipimo cha soketini kinasoma wati 520 hadi 550 kwenye gemu (kompyuta peke yake, bila skrini), chini kidogo ya hapo programu ya 3D ya Blender ikichakata kwa kadi, na 95 ikiwa imekaa tu. Saa 2 usiku kipimajoto cha mezani kiko nyuzi 30, saa 4 kimefika 34. Prosesa inasoma 78, kadi 74.

Nilichofikiria: kupoza prosesa kwa maji, au ea kula ya tenki, au ekzosti feni dirishani, au kiyoyozi cha BTU 9000. Kipi kianze, na kipi ni kutupa hela? Naomba kuwasilisha.

wati_ni_wati

Mkuu, kupoza kwa maji kufute kabisa kwenye orodha. Si kwamba ni kibaya, ila kinatibu ugonjwa mwingine. Ile 78 na 74 ni joto la chipu, na kwa chipu hizo ni joto la kawaida tu. Chumba hakijali chipu iko nyuzi ngapi, kinajali wati ngapi zimeingia kutoka soketini. Wati 550 zikiingia kwenye kompyuta, wati 550 zinatoka kama joto, zote, iwe zimepitia maji, bomba la shaba au feni kumi. Radieta ya maji inahamisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye hewa ileile unayoipumua, tena pampu yake inaongeza wati kadhaa.

Hesabu yako ya usiku iko hivi: kompyuta 550, skrini 30, mtu mmoja aliyekaa karibu 100. Jumla 680. Hiyo ni pasi ndogo iliyoachwa inawaka chumbani saa mbili mfululizo. Kabla ya kununua chombo cha kutoa joto, punguza kwanza joto linalozalishwa, maana hatua hii ni bure na inapunguza pia ukubwa wa chombo utakachonunua baadaye.

Kadi ndiyo jambazi mkuu. RTX 3080 inatoka kiwandani na kikomo cha wati 320, na zile wati za mwisho 70 hadi 100 zinakupa kasi ndogo sana. Fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt) kama msimamizi, andika `nvidia-smi -pl 220`, basi. Kasi itapungua kwa kawaida karibu asilimia 10, kutegemea gemu. Ukiona ni nyingi weka 250, hapo wengi hawaoni tofauti kwa macho. Amri hii inasahaulika kila ukizima kompyuta, kwa hiyo iingize kwenye Task Scheduler iwake mtumiaji anapoingia, na uipe ruhusa za juu kabisa. Asiyependa amri atumie programu ya MSI Afterburner: kitelezi cha nguvu akishushe hadi 69, abonyeze kuhifadhi, na aweke alama ya kuwaka pamoja na Windows.

Prosesa: ingia BIOS (mipangilio ya ubao, kabla Windows haijawaka), tafuta sehemu ya Precision Boost Overdrive, chagua Eco Mode ya wati 65. Kama ubao wako hauna chaguo hilo, weka mwenyewe PPT (kikomo cha wati) 88, TDC na EDC (vikomo vya ampea) 60 na 90. Kiwandani 5800X ina PPT 142, TDC 95, EDC 140. Kwenye gemu hutaona tofauti ya maana kwa sababu prosesa huwa haifiki huko. Kwenye kazi inayotumia koa zote, kasi itapungua kidogo lakini joto litapungua sana.

Halafu fremu. Skrini yako ni ya 144, lakini kwenye menyu za gemu nyingi kadi inachora fremu (picha) mia kadhaa kwa sekunde ambazo hakuna anayeziona. Weka kikomo cha fremu kwenye paneli ya NVIDIA, 90 kwa gemu za hadithi, 141 kwa zile za ushindani. Kwa gemu iliyokuwa inafika 140, kuifunga 90 peke yake kunaondoa wati nyingi.

Ukifanya yote matatu, soketini utaona kati ya 330 na 400. Pima, usiamini neno langu.

Bati_Jekundu

Asiye na kipimo cha soketini atumie mita ya Luku. Ina taa nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1000 au 1600. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, bakiza kompyuta. Hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi mwingine, bora upime mipepeso 10 ugawe kwa 10. Kwa mita ya 1000, wati ni 3600 gawa kwa sekunde. Ikipepesa kila sekunde 8, unakula wati 450. Kwa mita ya 1600, wati ni 2250 gawa kwa sekunde.

Na kwa shilingi: wati 550 kwa saa 4 kila siku ni uniti 66 kwa mwezi. Kwa tarifa ya T1 (ya matumizi ya kawaida), takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni kama 23,500. Ukishusha hadi 350 ni uniti 42, unaokoa zaidi ya 8,500 kila mwezi bila kununua hata skrubu. Aliye kwenye tarifa ya chini ya uniti 75 aelewe kwamba kompyuta ya namna hii peke yake inakula karibu fungu lote.

Kaa_Kitako

Mbona mnazunguka? Toa ubao wa pembeni wa kesi, lenga feni ya kusimama, maisha yaendelee.

wati_ni_wati

Kadi itashuka nyuzi kadhaa, chumba hakitashuka hata moja. Feni ya kusimama ni wati 50 za ziada, na injini yake nayo iko humohumo ndani. Feni inampoza mtu kwa kukausha jasho, haipozi hewa. Hata feni ya dari ni hivyohivyo: iwashe ukiwa chumbani, ukitoka izime.

Na kabla hajaja wa ndoo ya barafu: kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kama wati-saa 93. Kompyuta ya wati 550 inayeyusha karibu kilo 6 kwa saa. Friza iliyoigandisha barafu hiyo imetoa joto zaidi ya hilo jikoni kwako.

hewa_na_mabomba

Nizungumzie ekzosti, maana ndiyo watu wanaikosea zaidi.

Kanuni ya kukumbuka ukiwa pwani, usawa wa bahari: mita za ujazo za hewa kwa saa = wati mara 3, gawa kwa nyuzi unazokubali chumba kizidi nje. Ukishapunguza hadi kompyuta 350, skrini 30 na mtu 100, una wati 480. Ukikubali chumba kizidi nje kwa nyuzi 3, unahitaji 480 × 3 ÷ 3, yaani mita za ujazo 480 kwa saa. Usiku wa Februari Dar nje huwa kama 26, kwa hiyo chumba kitakaa karibu 29 badala ya 34. Mchana nje ikiwa 32, ekzosti bora kuliko zote duniani itakupa 35. Hilo lijue mapema: hewa ya nje haiwezi kukupoza chini ya hewa ya nje.

Mita 480 ni kazi ya feni ya ukutani ya inchi 8 hadi 10. Ile ndogo ya chooni ya inchi 6 imeandikwa 200 na kitu kwenye boksi, na hicho ni kipimo cha hewa huru. Ukiweka wavu wa mbu mbele yake, wenye vumbi la miezi mitatu, utapata nusu au chini ya nusu.

Sasa kosa kuu. Feni haitoi hewa ambayo haijaingia. Mlango umefungwa, dirisha lina feni, hewa itoke wapi? Chini ya mlango kuna mwanya labda wa sentimita 2 kwa 80, hiyo ni mita za mraba 0.016. Kupitisha mita 480 kwa saa hapo inabidi hewa ikimbie karibu mita 8 kwa sekunde, na feni ya ukutani haina msukumo huo. Itazunguka, itapiga kelele, hewa haitatembea. Utasema "ekzosti haifanyi kazi" kumbe umeiziba pumzi. Unahitaji tundu la kuingiza lenye uwazi halisi wa mita za mraba 0.06 au zaidi: luva ya sentimita 30 kwa 40 chini ya mlango, au kidirisha cha juu ya mlango kama kipo, huku dirisha la korido upande wa pili likiwa wazi.

Kuingiza na kutoa kwa dirisha lilelile, chini inaingia juu inatoka, ni kujidanganya. Hewa inakata kona fupi inarudi nje bila kukufikia, na ile ya moto uliyoitoa inaingia tena. Jambo jingine, usivute hewa kutoka upande wa jiko la mkaa. Ekzosti ikiwa na nguvu inavuta moshi na ile gesi isiyo na harufu ya mkaa hadi chumbani, na watu hufa kwa hilo. Kama jikoni kuna mkaa, mlango wa jikoni ufungwe na hewa itoke dirisha jingine.

Dirisha la kuteleza linafunguka nusu, yaani 0.6 kwa 1.2. Kata plaiwudi ya milimita 9 ipite kwenye reli ya kioo, paka rangi ya mafuta pande zote na kingo zote, la sivyo mvua za masika zitaifumua. Feni ikae juu kabisa ya plaiwudi, hewa ya moto iko huko. Nje weka kofia inayotazama chini kwa ajili ya mvua na vipande vya kujifunga ili feni ikizima mbu wasipageuze mlango. Angalia pia upepo: Desemba hadi Machi kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, na dirisha la magharibi liko upande wa kivuli cha upepo, hiyo ni bahati yako. Mwenye dirisha la mashariki akiweka ekzosti pale atapigana na kaskazi, kisha na kusi katikati ya mwaka. Huyo ageuze: dirishani aingize hewa, mlangoni itoke.

Chumba_cha_Magharibi

Asanteni sana. Nimepima baada ya kuweka kadi 220, prosesa Eco, fremu 90: soketini 345 hadi 370. Saa 2 hadi saa 4 usiku chumba kimetoka 30 hadi 32.5.

Maswali mawili. Luva ya mlangoni itapitisha kelele na ndani kuna mtoto anayelala. Kuna njia ya kutoa hewa kidogo zaidi? Na kwa nini saa 2 usiku, kabla sijawasha chochote, tayari ni 30 wakati nje ni 27?

hewa_na_mabomba

La kwanza: ndiyo, kamata joto kabla halijachanganyika na hewa ya chumba. Ukiangalia kanuni, ukigawa kwa namba kubwa, hewa inapungua. Hewa inayotoka nyuma ya kesi yako inazidi ya chumba kwa nyuzi 10 hadi 15. Ukiikamata pale, kwa wati 350 na tofauti ya 12, ni 350 × 3 ÷ 12, kama mita 88 kwa saa. Nyingine itakuponyoka, basi tuseme 150 hadi 200. Hapo bomba la inchi 6 linatosha, na mwanya wa chini ya mlango ukiukata hadi sentimita 4 unatosha pia.

Tengeneza boksi la plaiwudi nyembamba au plastiki ngumu likumbatie mgongo wa kesi na tundu la juu, mahali feni za kutoa zilipo pamoja na zile nafasi za chuma nyuma ya kadi. Boksi lisigandishwe kwenye kesi. Acha mwanya wa sentimita 2 hadi 3 kuzunguka. Ukiziba kabisa, siku feni ya bomba ikifa au umeme wake ukichomoka, kesi inajipumulia joto lake yenyewe na kadi inafika 90. Mwanya ukiwepo, kesi inarudi kuwa ya kawaida tu.

Feni za kesi za milimita 120 zisibebeshwe bomba. Zina msukumo mdogo mno. Weka feni ya katikati ya bomba, na ikae upande wa dirishani, usiiweke karibu na kesi. Sababu ni mbili: kelele inakuwa mbali na sikio, na bomba lote linakuwa upande wa kuvutwa, hivyo likiwa na tundu linanyonya hewa ya chumba badala ya kumwaga ya moto. Ining'inize kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukiifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye plaiwudi, plaiwudi inageuka ngoma.

Bomba la karatasi ya aluminiamu livutwe likanyooka kabisa. Lile lililobaki na mikunjo kama akodioni linameza nguvu ya feni. Kata linalozidi, usilikunjekunje nyuma ya meza. Kona moja tu ya nyuzi 90 kama unaweza, na iwe pana.

La pili nitamwachia mwingine, nimeshaandika sana.

Bati_Jekundu

La pili ni ukuta wako wa magharibi. Tofali la saruji la inchi 6 linachelewesha joto kwa saa 4 au 5. Jua linaupiga kuanzia saa 9 alasiri, ukuta unakuja kulimwaga ndani saa 1 hadi saa 4 usiku, muda uleule unaowasha mashine. Unailaumu kompyuta kwa deni la jua. Dirisha nalo: mita za mraba 1.44 za kioo kitupu, jua la alasiri linapolipiga usoni, zinaweza kuingiza wati 600 na zaidi. Hiyo ni kompyuta ya pili, haina hata swichi.

Kivuli kiwe NJE. Pazia la ndani, hata liwe zito, linapashwa moto likiwa tayari upande wako wa kioo. Chandarua cheusi cha bustani cha kivuli cha asilimia 80, au mkeka, au paneli ya makuti, kining'inie sentimita 10 hadi 15 mbele ya kioo ili hewa ipite katikati. Ukuta wenyewe upakwe nyeupe. Chokaa inatosha kama huna hela ya rangi ya nje, ila utairudia kila baada ya masika. Juu ya jipsamu, kama kuna nafasi ya kutambaa, tandaza karatasi ya kuakisi joto chini ya bati, upande unaong'aa utazame chini kwenye nafasi tupu. Ukiutazamisha juu, vumbi linaufunika na baada ya mwaka hauakisi tena.

Jaribio la kutenganisha mambo: siku mbili za jua linalofanana, moja kompyuta imezimwa kabisa, moja imewashwa. Andika joto la ndani na la nje kila nusu saa kuanzia saa 12 jioni. Tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo ya kompyuta, iliyobaki ni ya nyumba. Kipimajoto kisikae juu ya kesi wala kwenye njia ya hewa yake, kiweke ukutani upande wa ndani wa nyumba, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa.

Mpwapwa_Kavu

Kuhusu ea kula, mimi niko Dodoma na huku inafanya kazi, lakini msije mkainunua Dar kwa kusikia sifa za huku. Chombo kile kinapoza kwa kuyeyusha maji hewani. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 40, kinaweza kuishusha hadi 23 hivi. Hewa ya Dar ikiwa 31 na unyevu 70, kikomo cha kinadharia ni kama 26, kwa kweli utapata 27 na hewa iliyolowa ambayo jasho halikauki. Halafu watu wanaiwasha chumba kimefungwa, ndani ya nusu saa haipozi chochote, inafuga ukungu tu kwenye nguo. Hata huku kavu dirisha lazima liwe wazi.

fundi_baridi_pwani

Upande wa kiyoyozi. BTU 9000 ni wati 2,600 za kupoza. Kompyuta yako ya wati 550 ilikuwa inakula kama BTU 1,900 kati ya hizo, sasa hivi 360 inakula 1,200 tu. Kwa chumba cha mita 10 za mraba 9000 inatosha, mradi dirisha lile limewekewa kivuli. Bila kivuli, chini ya bati lisilo na dari, wengi hukimbilia 12,000 wakidhani 9000 ni dhaifu. Chukua ya inverta, kwa sababu mzigo wako unapanda na kushuka: mashine ya kuwaka na kuzima itakupa baridi kali dakika kumi na unyevu dakika kumi.

Kila wati 3 za joto zinakugharimu karibu wati 1 ya umeme kuzitoa. Kwa hiyo wati 190 alizokuokolea wati_ni_wati ni kama 250 kwa jumla ukiwa na kiyoyozi.

Kitu ninachotaka mkisikie ni hiki: ekzosti na kiyoyozi HAVIWASHWI pamoja. Nimeona watu wanasema "vyote viwili, chumba kitakuwa Ulaya". Hesabuni. Ekzosti inatoa mita 300 kwa saa za hewa iliyopozwa, nyuzi 25 na unyevu 60. Mita 300 za hewa ya nje, 31 na unyevu 70, zinaingia badala yake. Kuipoza hewa hiyo tu ni wati 600. Kuikausha, maana maji yale lazima yageuke matone kwenye koili, ni kama wati 2,000 nyingine. Jumla 2,600. Yaani ekzosti yako imekula kiyoyozi cha 9000 kizima, kompyuta bado haijahesabiwa. Kwenye pwani yetu unyevu ndio mzigo mkubwa kuliko nyuzi.

Kwa sababu hiyohiyo viyoyozi vya magurudumu vyenye bomba moja vinasikitisha huku: vinapuliza hewa ya chumba nje ili kujipoza, na hewa ya moto yenye maji inaingia kupitia kila mwanya. Kama huna ruhusa ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, fikiria vingine kabla ya hicho.

Mahali pa kufunga: kitengo cha ndani kisikae moja kwa moja juu ya kompyuta. Kinapima joto kwa hewa inayoingia juu yake, na ile hewa ya moto ya kesi ikipanda hadi hapo kitadhani chumba kizima ni 30. Kitapoza hadi meno yagongane. Weka 26, feni ya dari kasi ya chini. Vichujio vioshwe kila wiki mbili, si kila fundi anapopita. Bomba la maji literemke njia yote, likipanda hata sentimita moja katikati, maji yatarudi ukutani.

kebo_ndefu

Njia ya tatu haijatajwa: hamisha mashine, baki na skrini. Kama ukuta wa pili kuna stoo au korido yenye hewa, wati zote 350 zinakaa huko na kelele pia. Toboa tundu la kupitisha bomba la plastiki la milimita 40, plagi ya HDMI au DisplayPort inapita. Kebo ya shaba ya kawaida isizidi mita 3 kwa DisplayPort ya hezi 144, na karibu mita 5 kwa HDMI. Zaidi ya hapo nunua ya nyuzi za mwanga. Hizo zina upande wa kompyuta na upande wa skrini, ukiigeuza haionyeshi kitu, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kuizika ukutani. Kinanda na kipanya: kebo ya USB mita 5, mwisho wake habu yenye umeme wake. Kwenye BIOS ruhusu kuwaka kwa kinanda ili usiende stoo kila asubuhi.

Stoo isiyo na dirisha haifai, joto litarudi kupitia ukuta na kadi itaanza kujipunguza kasi. Kibarazani ndiyo kabisa: chumvi ya bahari inakula viunganishi, na mijusi wanapenda uvuguvugu wa pawa saplai, mmoja akigusa mahali pabaya ubao unaondoka naye.

wati_ni_wati

Nyongeza juu ya hiyo pawa saplai isiyo na beji. Kwa mzigo wa wati 320 ndani, yenye ufanisi wa asilimia 78 inavuta 410 soketini, yenye beji ya dhahabu karibu 355. Tofauti ni wati 55, na zote zinatoka kama joto kupitia feni yake ya nyuma. Usiibadilishe kwa ajili ya joto tu, lakini siku ikifika ya kubadilishwa, usirudie kosa.

Na ile 95 ya kukaa bure ni joto la saa nyingi kuliko gemu. Iweke ilale baada ya dakika 15, itabaki wati chache tu.

Chumba_cha_Magharibi

Nimeelewa. Naanza na chandarua nje na chokaa, kisha boksi la nyuma ya kesi na bomba la inchi 6. Kiyoyozi kinasubiri. Swali la mwisho kwa hewa_na_mabomba: kikija kiyoyozi, lile bomba nalifanyaje?

hewa_na_mabomba

Zima feni yake na uzibe mdomo wa bomba upande wa ndani kwa kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa kikubwa kidogo kuliko tundu, inchi 6 na nusu hivi. Vile vipande vya kujifunga vya nje havibani vya kutosha, hewa ya nje yenye unyevu itaingia kupitia hapo usiku kucha na bomba linaweza kutoa jasho. Halafu fungia kamba nyekundu kwenye sponji ining'inie mbele ya kesi, ili siku umeme wa kiyoyozi ukikatika ukumbuke kuitoa kabla ya kuwasha feni.